Saa 24 za jaribio, miaka 27 ya matarajio: uchambuzi wa kisa cha visima vitano vya mji

Kisa hiki ni cha mamlaka ya maji ya mji mmoja wa ukubwa wa kati. Jina la mji, miaka na wahusika vimeondolewa, na namba zimesogezwa kidogo ili mahali pasitambulike. Uwiano baina ya namba hizo haukuguswa, kwa hiyo anayependa kuzipiga upya mwenyewe atafika palepale. Kimeandikwa kwa ajili ya wahandisi na mafundi wanaopima visima, na kwa mameneja wanaotia saini ripoti za upimaji bila kupata muda wa kutazama grafu zilizo kwenye viambatisho.

## Usuli

Mji ulikuwa ukitegemea mto. Kila kiangazi kirefu maji ya mto yalipungua na mgao ukaanza, basi uongozi ukaamua kuongeza chanzo cha chini ya ardhi. Uchunguzi ulionyesha kwamba upande mmoja wa mji, chini ya udongo mzito wa mfinyanzi unaofika mita 58 hivi, kuna tabaka nene la mawe ya mchanga lenye maji. Mfinyanzi ule uliyabana maji kwa juu: ukitoboa hadi kwenye mawe ya mchanga, maji yanapanda yenyewe ndani ya bomba na kutulia mita 18 kutoka usawa wa ardhi.

Vilichimbwa visima vitano kwa mstari mmoja, kila kimoja mita 600 kutoka kwa jirani yake. Bomba la chujio lilianzia mita 62, pampu ikawekwa mita 55, na ikakubaliwa kwamba maji yasishuke chini ya mita 50 ili pampu ibaki na mita tano za maji juu yake. Kila kisima kilipangiwa kutoa mita za ujazo 100 kwa saa, yaani 2,400 kwa siku. Vyote vitano: 12,000 kwa siku.

Kisima namba 3, kilicho katikati, ndicho kilichopimwa kwa niaba ya vyote. Njia iliyotumika inafahamika: unapampu kwa kiwango kisichobadilika, unapima maji yanavyoshuka, kisha unachora mshuko dhidi ya muda kwenye karatasi ambayo dakika 1, 10, 100 na 1,000 zinapewa nafasi sawa. Theis alitoa mlinganyo wake mwaka 1935. Cooper na Jacob wakaurahisisha mwaka 1946 kiasi kwamba hesabu nzima inakuwa kusoma mteremko wa mstari ulionyooka. Hapa mstari ulishuka mita 1 kila muda ulipozidishwa mara kumi. Kwa kiwango cha 2,400 kwa siku, hiyo inatoa uwezo wa tabaka kupitisha maji wa mita za mraba 440 hivi kwa siku, na hiyo ni namba nzuri.

Jaribio lilichukua saa 24. Mwishoni mwa siku hiyo mshuko ndani ya kisima ulikuwa mita 9. Mshauri mwelekezi akaurefusha mstari wake. Kutoka siku 1 hadi siku 10,000, ambazo ni kama miaka 27, muda unazidishwa mara kumi mara nne, kwa hiyo aliongeza mita 4 akapata 13. Visima vinne vya jirani vikipampu kwa pamoja vingeongeza mita 18.6. Jumla 31.6. Ukianzia mita 18, maji yangefika mita 49.6.

Kikomo kilikuwa mita 50. Makadirio yanayokikosa kikomo kwa sentimita 40 baada ya miaka 27 yalipaswa kumkunisha mtu kichwa. Badala yake yalisomwa kama uthibitisho kwamba mradi unafaa, na mradi ukaidhinishwa kwa kiwango kilekile.

Kuna jambo jingine lililopita kimyakimya. Visima vya uangalizi, ambavyo havina pampu na kazi yake ni kupimia tu, vilikuwa kwenye mpango, lakini vilichimbwa baada ya jaribio, pamoja na ujenzi. Uwezo wa tabaka kuhifadhi maji haupatikani kwa uhakika ukipima ndani ya kisima kinachopampiwa peke yake. Mshauri alitumia thamani ya kawaida ya matabaka yaliyobanwa, 0.0003. Ilitokea kuwa karibu na ukweli, lakini ilikuwa ya kukisia.

## Kilichokuwa kwenye karatasi tangu mwanzo

Karatasi ya jaribio lile la kwanza ipo hadi leo, na inafaa kuitazama kwa karibu. Hadi saa ya 10 pointi zimekaa juu ya mstari kama shanga kwenye uzi. Saa ya 16 pointi iko sentimita 9 chini ya mstari. Saa ya 20, sentimita 13. Saa ya 24, sentimita 17. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, mtu ameandika: "jenereta haikutulia."

Maelezo hayo hayasimami. Jenereta ikilegea, pampu inatoa maji machache, na mshuko unapungua. Pointi zingepanda juu ya mstari. Zilizopo zimeshuka. Ili jenereta iwe ndiyo sababu, pampu ingebidi iwe imetoa maji mengi zaidi kuelekea mwisho, na safu ya mita ya maji kwenye karatasi ileile inasomeka 100, 100, 99, 100. Shinikizo la hewa nalo halitoshi: ni kweli linapanda na kushuka mara mbili kwa siku na kuyasogeza maji ndani ya kisima kilichobanwa, lakini kwa sentimita chache tu, na linayarudisha. Lisingeyasukuma upande mmoja kwa saa 14 mfululizo.

Pointi zinazozidi kuteremka kuliko mstari, huku kiwango cha kupampu kikiwa kilekile, zina maana moja ya kufikiriwa kabla ya nyingine zote: eneo la mshuko limetanuka hadi likagusa ukuta, mahali ambapo tabaka linakatika na halitoi maji tena kutoka upande huo. Kuanzia hapo maji yanatoka upande uliobaki, na mteremko wa mstari unaelekea kuwa maradufu.

## Mfuatano wa matukio

Visima vitatu vya uangalizi vilikamilika wakati wa ujenzi. Tuviite U1, U2 na U3. U1 kilikuwa kwenye mstari wa visima, mita 300 kutoka kisima namba 3. U2 kilikuwa mita 500 upande wa mashariki wa kisima hicho, U3 mita 900 upande wa magharibi. (Mashariki na magharibi hapa ni za kurahisisha maelezo tu.)

Katika majaribio ya mitambo, kisima namba 3 kilipampiwa peke yake kwa siku mbili. Mhandisi mmoja kijana alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza: alipiga hesabu ya mshuko unaotarajiwa kwenye U2, akapata mita 1.43, kisha akaenda kupima. Tepu ya kupimia, ambayo hulia ikigusa maji, ililia kwenye mita 1.98 za mshuko. Tofauti sentimita 55. Akaripoti.

Ofisini wakakumbuka kwamba bomba la U2 lilikuwa limeongezwa urefu wa sentimita 42 ili lisifunikwe na maji ya mvua. Bomba likirefuka, kina kinachosomwa kutoka mdomoni mwake nacho kinaongezeka, ingawa maji hayajaondoka mahali pake. Basi zikatolewa sentimita 42. Zikabaki 13, na sentimita 13 zikaonekana ni kosa la kawaida la vipimo. Suala likafungwa.

Lakini bomba lilirefushwa kabla ya kipimo cha kwanza cha maji tuli. Vipimo vyote viwili, cha kabla ya kupampu na cha baada, vilichukuliwa kutoka mdomo uleule mpya. Hapakuwa na cha kusahihisha. Sentimita 55 zilikuwa halali, na karibu zote zilitokana na ukuta.

Mradi ukazinduliwa, visima vitano vikawashwa. Vipimo vya kila mwezi vilichukuliwa kwa uaminifu na kuingizwa kwenye jedwali la kompyuta. Kisima namba 3 kilikwenda hivi:

- siku ya 30: matarajio ya ripoti mita 37, halisi mita 44
- siku ya 100: matarajio karibu mita 40, halisi mita 49
- siku ya 200: matarajio mita 41, halisi mita 52

Safu ya matarajio haikuwa kwenye jedwali la mamlaka. Imewekwa hapa na mwandishi, kwa kutumia namba za ripoti yenyewe. Jedwali la mamlaka lilikuwa na safu ya tarehe, kisima na kina. Meneja aliyelifungua mwezi wa kwanza aliona 44, na kikomo ni 50, akaridhika. Mwezi wa pili yamezidi kidogo. Kila mtu anajua kwamba maji hushuka kwa kasi mwanzoni kisha yakatulia. Mwezi wa tano kikomo kikavukwa, na barua ikaandikwa kuomba maelezo. Mwezi wa saba, maji yakiwa mita 52, sensa ya kulinda pampu isikauke ikakizima kisima namba 3 usiku wa manane.

## Maamuzi na sababu zake

Siku mbili za kwanza kulikuwa na mapendekezo matatu mezani, na yote yalikuwa na watu wenye akili nyuma yake.

La kwanza ni kushusha pampu hadi mita 60. Ni kazi ya siku moja kwa kila kisima na maji yanarudi mjini mara moja. Lilikataliwa, na mamlaka inastahili pongezi kwa hilo. Tabaka linaanzia mita 58 hivi na chujio mita 62. Ukiruhusu maji yashuke hadi hapo, sehemu ya juu ya chujio inaanza kuvuta hewa. Hewa inaoksidisha madini ya chuma yaliyoyeyuka kwenye maji, yanaganda kwenye matundu, na ndani ya muda mfupi unakuwa na tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Na kushusha pampu hakuongezi tone la maji kwenye tabaka.

La pili lilitoka kwa mkandarasi: machujio yameziba, visafishwe kwa tindikali. Hili lilikuwa na mantiki. Kisima kinachoziba kinaonyesha dalili hiyohiyo, mshuko mkubwa kwa maji yaleyale, na kusafisha visima ni kazi inayoeleweka. Mkuu wa kitengo cha ufundi aliomba siku moja kabla ya kusaini. Alirudia jaribio la hatua kwenye kisima namba 3: kupampu kwa kiwango kidogo kwa saa moja, kuongeza, saa nyingine, kuongeza tena, hatua nne kwa jumla, na kulinganisha na jaribio kama hilo lililofanywa kisima kilipokuwa kipya. Kuziba kunaonekana kwenye upotevu unaokua kwa haraka kadiri maji yanavyolazimishwa kupita kwenye matundu yaliyobana. Matokeo yalilingana na ya awali. Kisima kilikuwa kizima. Tena, U1, U2 na U3 vyote vilikuwa vimeshuka sana, na kisima cha uangalizi hakishuki kwa sababu chujio la jirani limeziba.

Hapo ndipo mtu akalitoa karatasi la zamani na kuuliza kuhusu zile sentimita 17.

La tatu lilikuwa kurudia jaribio. Meneja alitaka lifanyike kwa siku mbili lakini kwa mita za ujazo 150 kwa saa badala ya 100, ili "ukuta uguswe mapema." Ni kosa linalojirudia sana na linastahili kuelezwa. Muda ambao mshuko unachukua kufika ukutani unategemea umbali wa ukuta na tabia ya tabaka: uwezo wake wa kupitisha maji na wa kuyahifadhi. Kiwango cha kupampu hakimo kwenye hesabu hiyo. Ukipampu kwa nguvu zaidi, tofauti itaonekana kubwa na itasomeka kwa urahisi, lakini haitafika mapema. Kinachonunua umbali ni muda. Zikakubaliwa siku saba.

Tatizo likawa mahali pa kuanzia. Jaribio safi linahitaji maji yaliyotulia, na visima vilikuwa vimepampiwa zaidi ya miezi saba. Walisubiri mto ujae katika msimu wa mvua, wakavizima visima vyote vitano na kuulisha mji kutoka mtoni. Waliomba siku 30 za mapumziko. Wakapewa 10.

Baada ya siku 10 maji yalikuwa bado yanapanda, kama sentimita 40 kwa siku. Anayepima mshuko huku maji yanapanda yenyewe chini kwa chini atapata mshuko mdogo kuliko ulio halisi, na hatari ni kwamba angehitimisha kwamba hakuna ukuta. Ilibidi kuchora mkondo wa upandaji, kuurefusha kwa siku saba zaidi, na kujumlisha kile ambacho upandaji ulikuwa umekificha. Hadi siku ya saba upandaji huo ungekuwa umeshuka hadi sentimita 24 kwa siku, kwa hiyo mstari ulionyooka haukufaa. Ilihitajika hesabu ya siku kwa siku.

Lakini zile siku 10 za kupanda zilikuwa nazo jaribio la aina yake, na kwa maoni yangu lilikuwa bora kuliko la siku saba. Maji yanapopanda hakuna pampu, hakuna jenereta, hakuna vali ya kurekebisha. Virekodi data ndani ya visima vinane vilisoma kila dakika tano, na kimoja kikaachwa hewani kurekodi shinikizo la anga ili litolewe kwenye vipimo. Ukichora kupanda kwa namna inayostahili, mstari unakuonyesha mambo mawili: mteremko wake unatoa uwezo wa tabaka, na mahali unapoelekea panakuambia kama maji yatarudi yote. Huu ulielekea kwenye sifuri. Maana yake tabaka halikuwa sanduku lililofungwa pande zote. Lilikuwa na ukuta upande mmoja na kuendelea upande mwingine.

Jaribio la siku saba kwenye kisima namba 3 lilithibitisha. Maji yalipelekwa kwenye mtandao badala ya kumwagwa, na kwa kuwa shinikizo la mtandao hubadilika asubuhi na jioni, fundi mmoja alikaa kwenye vali zamu baada ya zamu kuhakikisha mita inabaki 100. Kati ya siku ya pili na ya saba mteremko ulikuwa karibu maradufu ya ule wa saa za mwanzo. U2 ndicho kilichochepuka kwanza, kikafuatiwa na U1, na U3 mwisho kabisa. Mpangilio huo peke yake unasema ukuta uko mashariki. Ukipima muda wa kila kimoja kuchepuka unaweza kuchora duara kuzunguka kila kisima. Maduara matatu yalikutana mahali pamoja, kilomita 2 mashariki mwa kisima namba 3. Mahali hapo ni kama taswira ya kisima kwenye kioo, na ukuta ndio kioo, kwa hiyo uko nusu ya umbali huo: kilomita 1.

Kwenye ramani ya zamani ya jiolojia ya eneo hilo, kilomita 1 mashariki, kuna mstari wa nukta. Nukta kwenye ramani za jiolojia mara nyingi ni ufa wa miamba uliofunikwa, usioonekana juu ya ardhi. Upande wa pili wa mstari huo ni graniti.

## Matokeo

Hesabu ilirudiwa pamoja na ukuta. Kwa 12,000 kwa siku, mshuko wa miaka 27 ungekuwa karibu mita 51 badala ya 31.6, na maji yangefika mita 69, ndani kabisa ya chujio. Kiwango kilichobaki salama ni asilimia 60: mita za ujazo 7,200 kwa siku, maji yakifika mita 48.5 kwa muda uleule.

Kulikuwa na njia mbili za kuzipata hizo 7,200: visima vitatu kwa nguvu zote, au vitano kwa mita za ujazo 60 kwa saa kila kimoja. Idara ya umeme ilipendelea vitatu. Vilichaguliwa vitano, kwa sababu sehemu kubwa ya mshuko ndani ya kisima inatokana na kisima chenyewe. Ukikipunguzia, mita 13 zake zinakuwa chini ya 8. Jumla ya maji ni ileile, ila hakuna kisima kinachobeba mzigo kuliko uwezo wake.

Mji ulipoteza asilimia 40 ya maji uliyoahidiwa. Bwawa dogo lililokuwa limeahirishwa kwa sababu visima "vimetosha" likarudishwa kwenye bajeti, na maeneo mawili ya juu ya mji yakaendelea na mgao kwa kiangazi kimoja zaidi.

## Uchambuzi

Ni rahisi kumtupia mshauri mwelekezi lawama zote, na baadhi ni zake. Lakini saa 24 si uzembe kwa kila hali. Kwa kisima kimoja cha kijiji, kinachopampiwa saa chache kwa siku, zinatosha na kubaki. Hapa visima vitano vilikuwa vipampiwe mchana na usiku kwa miaka 27, na mkataba ulilipa upimaji kwa saa, ukiwa na kiwango cha chini cha saa 24. Mkandarasi alifanya kiwango cha chini. Nani asingefanya? Gharama ya siku sita zaidi za jenereta na mafundi, ukiilinganisha na pampu tano na bomba la kupeleka maji mjini vilivyonunuliwa kwa ajili ya 12,000, haistahili hata mjadala.

Lililonishughulisha zaidi ni zile sentimita 42. Mhandisi yule alifanya kila kitu sawasawa: alikuwa na matarajio kabla ya kupima, akaona tofauti, akaripoti. Mfumo ukampa jibu lililokuwa tayari. Kusahihisha data kwa sababu iliyo ya kweli lakini isiyohusika ni hatari kuliko kukosa sahihisho, kwa kuwa namba iliyosahihishwa inaonekana safi na hakuna anayeirudia. Kilichookoa ni daftari la shambani. Vipimo ghafi vilikuwa humo, na tarehe ya kurefusha bomba ilikuwa kwenye kurasa za nyuma, siku nne kabla ya kipimo cha maji tuli. Laiti lingekuwapo jedwali la kompyuta peke yake, lenye namba zilizokwisha "kurekebishwa", sentimita 55 zisingepatikana tena.

Kuhusu ufuatiliaji wa kila mwezi: mamlaka haikukosa data. Ilikuwa na data nzuri kuliko mamlaka nyingi. Kilichokosekana ni mkondo wa matarajio kwenye karatasi ileile. Siku ya 30 pengo lilikuwa tayari mita 7, miezi sita kabla pampu haijajizima, na lilikuwa linaonekana kwa yeyote ambaye angeitoa ripoti ya usanifu kabatini. Kwenye U2 lilikuwa kubwa vilevile: kwa namba zilezile za ripoti mshuko ungepaswa kuwa mita 10.6, nao ulikuwa mita 18. Kulinganisha maji na kikomo peke yake kunakuambia umefika wapi. Hakukuambii kama ardhi iliyo chini ni ile uliyoichora.

Yaliyofanyika vizuri yasisahaulike. Jaribio la hatua la siku moja lilizuia kazi ya tindikali kwenye visima vitano vizima, kazi ambayo ingeleta nafuu ya kufikirika kwa sababu visima vingepumzishwa wakati wa kusafishwa, maji yangepanda, na kila mtu angesema tiba imefanya kazi. Kuvizima visima wakati mto umejaa, badala ya kusubiri bajeti ya jaribio rasmi, kulileta majibu katika msimu uleule. Na kukataa kushusha pampu kulifanyika mbele ya shinikizo kubwa la watu waliotaka maji kesho yake asubuhi.

Sasa jedwali la mamlaka lina safu mpya. Kwa kila kisima cha uangalizi kuna kina kinachotarajiwa mwezi huo kwa kiwango kilichopampiwa kweli, si kilichopangwa. Tofauti ikizidi mita 1 kwa miezi miwili mfululizo, kitengo cha ufundi kinaitisha kikao. Mdomo wa kila bomba umepigwa rangi mahali pa kupimia, na urefu wake umeandikwa na mpima ardhi. Bomba likiguswa, kisima kinahesabiwa kuwa kipya hadi kipimwe upya.

Visima viwili zaidi vimechimbwa magharibi, mbali na ufa, karibu zaidi na mto. Cha kwanza kilipimwa siku saba na mstari wake ukafanya kinyume: siku ya nne ukaanza kulala, dalili kwamba maji yanaingia kutoka mahali fulani, pengine mtoni. Mkandarasi alitaka kufunga hesabu kwa furaha. Mkuu wa kitengo ameagiza jaribio lirudiwe mwishoni mwa kiangazi, mto ukiwa chini kabisa, na hadi hapo kisima kinapangiwa maji kana kwamba mto haupo.